Kabla ya Tone la Kwanza: Chupa za Pombe Kali na Ahadi Zilizobandikwa Juu Yake

Mwaka 1958, kwenye kiwanda kidogo cha wiski huko Loretto, jimbo la Kentucky, Marekani, chupa za kwanza za Maker's Mark ziliingia sokoni zikiwa zimevaa nta nyekundu shingoni. Kila chupa ilichovywa kwa mkono, ikainuliwa, na nta ikaachwa itiririke ilivyopenda mpaka ikaganda. Hapakuwa na chupa mbili zilizofanana. Aliyebuni nta hiyo, pamoja na jina la kinywaji, umbo la chupa na mwandiko wa lebo, ni Margie Samuels, mke wa mwenye kiwanda. Majaribio aliyafanyia jikoni kwake, nta ikiyeyukia kwenye chombo kile kile ambacho familia ilikuwa ikikaangia chakula.

Mumewe, Bill Samuels, alikuwa amekwisha kufanya lake. Alichoma moto mapishi ya wiski ya ukoo wake, akaanza upya kwa kutia ngano ili kinywaji kisikwaruze koo. Lakini wiski laini iliyolala ndani ya pipa haijulikani na mtu. Margie alikuwa akikusanya vyombo vya kale vya madini ya bati, na alijua kwamba mafundi wa zamani waligonga alama yao kwenye kila kazi waliyoridhika nayo. Akaichukua desturi hiyo akaitia kwenye lebo: nyota kwa ajili ya shamba la Star Hill, herufi S ya jina la ukoo, na IV ya Kirumi kwa kuwa mumewe alihesabiwa kizazi cha nne katika kazi hiyo.

Nta ile ilikuja kufika mahakamani. Kampuni iliisajili kuwa alama yake ya biashara mwaka 1985. Miaka kadhaa baadaye tekila ya bei ghali ya Jose Cuervo ikaingia madukani Marekani nayo ikiwa na nta nyekundu inayotiririka, na mwaka 2003 Maker's Mark wakafungua kesi. Hoja ya upande wa pili haikuwa ya kipuuzi: nta ni njia ya kale ya kuziba chupa, nani awe na haki ya kuimiliki? Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana na uamuzi wa awali kwamba mtiririko mwekundu, kwa jinsi wanunuzi walivyouzoea, ni alama ya kampuni moja. Nta ya kuziba ni ya kila mtu. Nta nyekundu inayotiririka shingoni mwa chupa ya pombe kali ni ya wale wa Loretto.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu hawanywi, na wengine dini haiwaruhusu hata kuigusa. Habari hii inawahusu pia. Hakuna bidhaa inayoitegemea chupa yake kama pombe kali. Embe utalinusa, kitambaa utakifikicha vidoleni, mchele utauchota kiganjani uutazame punje. Gini na vodka ni maji matupu machoni, kizibo hakifunguliwi dukani, na harufu haipenyi kioo. Mnunuzi analipa kwa kuamini. Anachokiamini ni kioo, karatasi na kizibo.

Wakati mmoja hata hicho cha kuamini hakikuwepo. Katika karne ya 19 wiski ya Marekani iliuzwa kwa pipa. Mwenye baa au mwenye duka la dawa alimpimia mteja kutoka kwenye pipa, na kati ya kiwanda na glasi palikuwa na mikono mingi. Waliopenda faida ya haraka waliongeza maji, rangi na vitu vingine vya kuwasha koo. Mwaka 1870, mjini Louisville, George Garvin Brown, kijana aliyewahi kuuza dawa, alianza kuuza wiski ya Old Forester ndani ya chupa zilizozibwa tu, bila kuuza hata pipa moja rejareja, na lebo ikibeba maneno yake ya kuithibitisha pamoja na saini. Mwaka 1897 serikali ya Marekani ilipitisha sheria iliyoruhusu wiski ya kiwanda kimoja, iliyolazwa ghalani chini ya ulinzi wa serikali kwa miaka isiyopungua minne, ifungwe kwa stempu ya kuthibitisha hivyo. Ulinzi ulitangulia, uzuri ukaja baadaye. Naomba msomaji alishike hilo, maana ndipo makala hii inapokwenda.

Tuje kwenye zama hizi. Uingereza ilikuwa imekaa karibu karne mbili bila leseni mpya ya mtambo wa shaba wa kukeneka gini jijini London, yaani kuchemsha kilichochacha na kukusanya mvuke wake. Mamlaka ya kodi haikutaka kusumbuka na mitambo midogo. Marafiki wawili, Sam Galsworthy na Fairfax Hall, wakishirikiana na mtaalamu wa historia ya vinywaji Jared Brown, wakaibishia serikali mpaka ikakubali, na mwaka 2009 Sipsmith wakaanza kazi katika mtaa wa Hammersmith kwa mtambo mmoja waliouita Prudence. Mlango ukafunguka. Wakafuata wengine kwa mamia, Uingereza, Ujerumani, Marekani, Afrika Kusini, kila mmoja na gini yake, kila mmoja na hadithi yake ya babu, msitu au kisima.

Rafu zikajaa. Na hapo wabunifu wa vifungashio wakapata kazi ambayo hawakuwahi kuipata. Huko Schwarzwald, Ujerumani, Monkey 47 ilitoka kwenye chupa ndogo ya kahawia ya nusu lita, mfano wa chupa za dawa za zamani, lebo yake kama stempu kubwa ya posta na nyani katikati. Waswidi walikuwa wamelipitia wazo la chupa ya dawa mapema zaidi: Absolut ya mwaka 1979 ilitokana na chupa ya kale ya mfamasia, na wakathubutu kuiacha bila karatasi yoyote, maneno yakachapwa moja kwa moja juu ya kioo ili vodka ionekane ilivyo. Chupa ya dawa ina hila yake. Inamnong'oneza mnunuzi kwamba aliyeitengeneza ni mtu wa vipimo na mizani, si mtu wa mapipa na makelele. Mimi huiona hila hiyo na bado hunipata.

Lakini mtengenezaji mdogo hachagui chupa kama achaguavyo shati. Tanuri la kioo huwaka kwa joto la karibu nyuzi 1,500 za Selsiasi, usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu likizimwa kioo huganda ndani na tanuri huharibika. Kiwanda cha namna hiyo hakiwezi kusimamisha mashine kwa ajili ya mtu anayetaka chupa elfu mbili. Umbo jipya linahitaji kalibu mpya ya chuma, na kalibu inalipwa na aliyeiagiza. Afrika Mashariki tuna viwanda vya chupa, Kioo Limited kule Dar es Salaam na Milly Glass Mombasa kati ya hivyo, lakini wateja wake wakubwa ni bia, soda na wauzaji wakubwa wa pombe kali. Mdogo anachukua chupa iliyopo kwenye orodha, ambayo jirani yake anaichukua pia. Ubunifu wake wote unabanwa pale palipobaki: karatasi, wino, kizibo, nta, na pengine kijikaratasi cha kuning'iniza shingoni.

Ndiyo maana lebo za viwanda vidogo huwa na makeke kuliko za wakubwa. Karatasi yenyewe huwa nene, ya pamba, iliyoachwa na kinyuzinyuzi ili kidole kikipita kikwame kidogo. Herufi hupigwa zikainuka, au zikabonyea. Utepe mwembamba wa dhahabu hubandikwa kwa joto. Kisha huachwa nafasi tupu yenye mstari, na mtu mwenye kalamu ya wino huandika namba ya awamu na namba ya chupa. Hiyo namba ya mkono ndiyo ya bei rahisi kuliko mapambo yote, nayo ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko yote. Mnunuzi anajua kwamba mtu ameshika chupa hii.

Kazi ya kubandika nayo ina mambo yake. Chupa iliyotoka kujazwa huwa na ubaridi na unyevu, na gundi haishiki kwenye jasho. Lazima ifutwe kwa kitambaa kikavu, pengine na tone la pombe yenyewe, ndipo ilazwe kwenye kitanda cha mbao chenye vigingi viwili vinavyoizuia isizunguke. Lebo huanzia katikati, kidole gumba kikisukuma hewa kuelekea kulia, kisha kushoto. Ukianzia pembeni, mwishoni kutabaki kikunjo kisichotoka, na kikunjo kwenye chupa ya bei ghali kinasomeka kama uongo. Kuna na mtihani wa barafu. Karatasi nzuri ya pamba ikiingia kwenye ndoo ya barafu ya hotelini kwa nusu saa hulegea, hukunjamana, mara huelea juu ya maji ikiwa peke yake, huku chupa ikibaki uchi mbele ya mteja aliyelipa pesa nyingi. Mbunifu anayejua kazi huuliza mapema chupa hii itaishi wapi: rafuni nyumbani, au ndani ya barafu pwani. Akiambiwa pwani, hutafuta karatasi iliyotiwa dawa ya kuzuia maji hata kama haina utamu wa ile ya kwanza mkononi.

Sasa nije kwenye ubaya wake. Chupa inayoweza kumshawishi mtu kabla hajaonja inaweza pia kumdanganya kabla hajaonja. Mfano wa wazi ni Templeton Rye. Templeton ni mji mdogo wa jimbo la Iowa ambao wakazi wake, enzi pombe ilipopigwa marufuku Marekani, walisifika kwa wiski waliyoikeneka kwa kificho. Chapa ya jina hilo ilipoanza kuuzwa mwaka 2006, chupa ilibeba historia hiyo yote, mapishi ya enzi ya marufuku na awamu ndogondogo. Kilichokuwemo ndani kilikenekwa katika kiwanda kikubwa cha MGP kule Lawrenceburg, jimbo la Indiana, ambacho huziuzia wiski chapa nyingi. Si kosa kununua wiski kwa mwingine. Ni biashara ya kawaida, na wiski ya Lawrenceburg inasifiwa na wanaoijua. Kosa lilikuwa kuiacha lebo iseme Iowa. Wanunuzi walishtaki mwaka 2014, na mwaka uliofuata kampuni ikakubali kuwarejeshea sehemu ya fedha, kuondoa maneno hayo na kuandika kwamba kinywaji kimekenekwa Indiana. Baadaye walijenga kiwanda chao wenyewe Templeton, wakaanza kukeneka kweli.

Ukiziweka kesi hizi mbili pamoja, ya nta na ya Iowa, unauona mstari. Margie Samuels alibuni kitu ambacho mtu anaweza kukithibitisha kwa macho: chupa imechovywa kwa mkono, na mpaka leo huchovywa kwa mkono. Wa Templeton walichapa kitu ambacho mnunuzi asingeweza kukithibitisha akiwa dukani. Vyote viwili vilikuwa vizuri machoni.

Kwetu, somo la kifungashio cha pombe kali halikuja kwa njia ya nta wala karatasi ya pamba. Lilikuja kwa njia ya kiroba. Kwa miaka mingi kile kipakiti cha plastiki kiliuzwa vioskini, stendi na kwenye magenge, kwa bei iliyokaribiana na nauli ya daladala. Kiliingia mfuko wa shati, kikaingia mfuko wa sare ya shule. Kwa mbunifu anayetazama kazi tu, kiroba kilikuwa kifungashio kilichofanikiwa kupita vyote Afrika Mashariki: chepesi, hakivunjiki, kinafunguka kwa meno, na hakihitaji glasi. Kila sifa hiyo ndiyo iliyokiponza. Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza marufuku, na kuanzia Machi 1 mwaka huo viroba vikawa haramu Tanzania. Uganda nayo ilivipiga marufuku, utekelezaji ukaanza mwaka 2019, na ujazo mdogo kabisa wa pombe kali ukawa mililita 200. Kenya ilikwisha kuzikataa pakiti katika Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, ile iliyopachikwa jina la mbunge John Mututho.

Sheria hiyo ya Kenya inafaa kusomwa na kila anayejiita mbunifu wa vifungashio. Iliifuta marufuku ya chang'aa ya mwaka 1980, ikaihalalisha chang'aa kwa sharti la kifungashio: atakayeitengeneza awe na leseni, na aiuze ndani ya chupa ya kioo ya ujazo usiopungua mililita 250. Ikataka maonyo ya afya, kwa Kiingereza au Kiswahili, yasiyopungua mawili, yachukue angalau asilimia 30 ya eneo la kifungashio. Asilimia 30! Mbunifu wa London anapoanza na karatasi tupu, mwenzake wa Nairobi anaanza na karatasi ambayo theluthi yake, karibu, imekwisha kuandikwa na Bunge. Nimesikia wabunifu wakilalamika kwamba maonyo yanaharibu sura ya chupa. Yanaharibu kwa sababu wanayasukumia mwishoni, baada ya kuchora tembo, mbuyu na machweo, kisha wanayabandika popote palipobaki upenyo. Onyo lililopangwa tangu mwanzo, kwa herufi ile ile ya lebo na kwa nafasi yake yenyewe, halina ubaya wowote. Na bidhaa inayoua maini haidai huruma kwa kuambiwa iseme hivyo.

Tusisahau sababu ya ukali huo. Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kunywa pombe ya kumi kumi iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Methanoli haina rangi ya kuitofautisha. Haionekani kwenye glasi, haionekani kwenye kikopo cha plastiki. Aliyekunywa hakuwa na lebo ya kusoma, hakuwa na namba ya awamu ya kufuatilia, hakuwa na jina la mtu wa kumshtaki. Pombe za mtambo wa kienyeji, iwe gongo yetu, chang'aa ya Kenya au enguli ya Uganda, zimeishi vizazi vingi bila kifungashio cha kwao. Uganda ilijaribu njia nyingine baada ya Sheria ya Enguli ya mwaka 1965: wenye leseni wakauza walichokikeneka kwa kiwanda, kiwanda kikakisafisha, kikakitia kwenye chupa yenye jina la Uganda Waragi. Kwa maneno mengine, kilichokuwa cha kificho kilipewa kioo, lebo na anwani, kikawa kinywaji cha taifa.

Tatizo jingine letu ni chupa tupu. Ukipita barabara ya Singida au Tabora utaiona asali imepangwa mezani ndani ya chupa za Konyagi na za wiski za Scotland, zimeoshwa vizuri, zimezibwa kwa kipande cha nailoni. Chupa nzuri haitupwi, na ni jambo jema. Lakini chupa ile ile ikiangukia mikono mingine hujazwa spiriti ya magendo, ikafungwa kofia, ikarudi kaunta. Viwanda vikubwa vikajibu kwa kuweka ndani ya shingo kifaa cha plastiki chenye vali na gololi ya kioo. Kinywaji kikimiminwa, gololi husogea na kutoa njia. Ukijaribu kuingiza kitu kutoka nje, gololi hurudi na kuziba. Mnywaji aliyezoea hutikisa chupa aisikie ikigonga. Kwa mtengenezaji mdogo kifaa hicho ni gharama juu ya gharama, na kizibo cha mbao anachokipenda kwa uzuri wake hakina ulinzi huo.

Halafu kuna stempu ya kodi. Tanzania ilianza kutumia stempu za kielektroniki Januari 2019. Kenya ilikuwa imetangulia na mfumo wake tangu 2013. Stempu hupitishwa juu ya kofia ikashuka shingoni, ili chupa isifunguliwe bila kuichana. Wabunifu wengi huichukulia kama uchafu. Utaona chupa yenye lebo ya kupendeza, nta ya rangi ya zambarau, na juu yake stempu imebandikwa upande, imekunjamana, nusu yake imemezwa na nta. Huo ni ujinga wa kulipia. Kwa mnunuzi wa Kariakoo au Gikomba, ambaye amewahi kuuziwa feki au amemzika aliyeuziwa, stempu ndiyo mahali pa kwanza jicho linapokwenda. Tembo na mbuyu vitafuata baadaye.

Kwa hiyo, nikiulizwa mtengenezaji mdogo wa Arusha, Mbale au Nyeri aanzie wapi, nasema aanzie shingoni. Kofia ipi, stempu itakaa wapi ikiwa imenyooka, itachanika vipi, nta ikiwepo iishie wapi ili isiifunike. Kisha anwani: kinywaji kimekenekwa na nani, wapi, awamu gani, tarehe gani, kwa herufi ambazo mtu wa miaka sitini atazisoma chini ya taa ya grosari. Kisha onyo. Ndipo picha. Mpango huo ni kinyume na ule unaofundishwa na mitandao ya ubunifu ya Ulaya, na ni sawa uwe kinyume. Kule hofu ya mnunuzi ni kupitwa na wakati. Huku hofu ya mnunuzi ni kupofuka.

Sisemi kwamba uzuri wetu uishie kwenye stempu. Upo mfano jirani unaoonyesha vyote vinaweza kukaa pamoja. Procera, gini ya Nairobi, imejengwa juu ya mti wetu wa mtarakwa, Juniperus procera, ambao kwa miaka mingi tuliujua kwa nguzo za uzio na mbao za penseli. Gini haiwi gini bila tunda la jamii hiyo ya miti, na karibu dunia nzima hutumia tunda lililokaushwa la mti wa Ulaya. Wao wakatumia la mlimani kwetu, likiwa bichi. Chupa yake ikafuata njia ile ile: hupulizwa kwa mdomo na mafundi wa Kitengela, kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kwa kioo kilichokwisha kutumika, kazi yenye asili katika karakana alizoanzisha msanii Nani Croze. Kioo cha namna hiyo kina viputo, unene wake haulingani, na chupa huweza kuegemea kidogo upande mmoja. Ni ghali, na wengi wetu tutaiona kwenye rafu za uwanja wa ndege kuliko mezani. Lakini tazama alichokikwepa mbunifu: hakuhitaji kalibu ya chuma wala kumsubiri mwenye tanuri kubwa. Alikwenda kwa mafundi waliokuwepo. Na viputo vile, kama nta ya Loretto, mnunuzi anaviona mwenyewe.

Kuna mengine yanakuja ambayo sitayachambua leo. Huko Uingereza gini ya Silent Pool imekwisha kuuzwa kwenye chupa ya makaratasi yenye utando ndani, uzito wake gramu 83 tu, kwa hoja ya kupunguza moshi wa viwanda na malori. Ireland ilipitisha mwaka 2023 kanuni za kuitaka lebo itaje saratani. Yote mawili yatafika bandarini kwetu siku moja, na nina shaka zaidi na ile ya karatasi: katika soko letu, chupa isiyo na uwazi wa kumwonyesha mtu kilichomo itaanza safari na deni la imani.

Mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, TBS na KEBS, yanaweza kusaidia hapa bila gharama kubwa. Yachapishe mwongozo mfupi wa Kiswahili kwa watengenezaji wadogo, wenye michoro, unaoonyesha stempu, onyo, anwani na namba ya awamu vikae wapi kwenye chupa za ujazo wa kawaida. Leo mtu mwenye mtambo mmoja hulazimika kuyakusanya hayo kutoka kwenye sheria, kanuni na matangazo tofauti, na akikosea lebo elfu tano zilizokwisha kuchapwa huenda jalalani.

Na wewe mnunuzi, simu yako inatosha. Kwa Tanzania pakua programu ya Hakiki Stempu ya mamlaka ya mapato, TRA; kwa Kenya, Soma Label ya KRA. Piga picha stempu ya chupa kabla hujatoa pesa. Ikikataa kusomeka, au ikiwa imechanwa na kubandikwa tena, iache chupa hapo hapo kaunta, hata kama lebo yake ni nzuri namna gani.